Mpagazi Anayerudi Nyumbani kwa Miguu

Kisumu, Jumamosi usiku.

Mvua inanyesha tangu saa mbili na stima zimepotea mtaa mzima. Naandika kwa mwanga wa simu kabla chaji haijaisha, kwa sababu sauti za wenzangu bado zimo masikioni na kesho zitakuwa zimepoa.

Leo tumemaliza mswada wa kijana wetu. Bado hajapata mchapishaji. Alituletea kurasa alizopiga kopi mjini na kuzifunga kwa uzi, tukazisoma kwa wiki saba, sura mbili mbili, kila mtu nyumbani kwake, kisha Jumamosi tunakutana kwa chai na njugu. Ni riwaya ya Vita Kuu ya Kwanza. Mtu wa Alego, huku kwetu Nyanza, anakamatwa na askari wa chifu mwaka 1917, anapelekwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza, anakufa kwa kuhara damu karibu na mto Rufiji na kuachwa kando ya njia. Halafu anaamka. Hajui kwamba amekufa. Anajifunga kile kitambaa chake kiunoni na kuanza kurudi nyumbani kwa miguu, na riwaya nzima ni safari hiyo. Kila kijiji anachopita anaomba maji. Hakuna anayemsikia ila watoto wachanga, nao hulia.

Niliposoma mara ya kwanza wale watoto wanaolia niliweka karatasi chini nikatoka nje kidogo. Kwetu Butere mtoto akilia usiku kucha bila ugonjwa, wazee humtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka anyamaze. Lile linalomnyamazisha ndilo jina lake. Waluo nao hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kijana hakubuni kitu. Alichukua desturi ambayo sote tumeiona sebuleni kwetu akaigeuza upande wa pili, upande wa yule anayetafuta wa kumbeba.

Mabishano yalianza na neno. Tumwite nani huyu mtu? Mwandishi ameandika "mzuka" kila mahali. Dada mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa huku, alisema mzuka ni wa kushtua watu gizani, na huyu hashtui mtu. Mwingine akapendekeza "pepo", lakini pepo tumeshaiacha kwa mahubiri na maombi ya kufukuza. "Jini" ni kiumbe wa namna nyingine kabisa, hakuwahi kuwa binadamu. "Mzimu" lilipata wengi. Mimi nilitetea "kivuli", kwa kuwa Waluo husema tipo, na tipo ni kivuli hicho hicho kinachokufuata njiani. Mtu aliyekufa mbali na kwao, asiyezikwa, ni kivuli kilichopotewa na mwili wake. Kijana aliandika maneno yote pembeni ya karatasi bila kusema lolote. Natumaini atachagua kivuli.

Pasta hakuipenda sura ya kwanza hata kidogo. Humo yumo Onyango Dunde, yule mtu wa Alego aliyesema mwaka 1913 kwamba nyoka mkubwa aitwaye Mumbo alitoka ziwani akammeza, kisha akamtema akiwa na ujumbe kuwa wazungu wangetoweka. Pasta alisema tunasomewa ibada ya nyoka. Mwalimu wa historia akamjibu kwa upole kwamba hii si hadithi ya kubuni, imo katika kumbukumbu za serikali ya kikoloni yenyewe. Tena mwaka uliofuata, Septemba 1914, Wajerumani waliingia Kisii, maofisa wa Kiingereza wakaondoka, na watu wakaona utabiri unatimia mbele ya macho yao. Maduka na misheni zikaporwa. Waingereza waliporudi, Wagusii walilipishwa kwa ng'ombe wao. Pasta alinyamaza akaomba chai nyingine. Sidhani alikubali, lakini alisikiliza, nami namheshimu kwa hilo.

Ila mwalimu huyo huyo ndiye aliyeleta hoja nzito kuliko zote, na ndiyo inayoninyima usingizi.

Alisema ukweli wenyewe unatosha. Hesabu ya Waingereza wenyewe inasema zaidi ya 40,000 walioandikwa nchi hii kama wapagazi hawakurudi. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Nyanza ilitoa watu wengi kuliko mahali pengine, na mwaka 1917, wakati wa ile kamatakamata kubwa, aliyesimamia kazi hiyo alikuwa John Ainsworth, mkuu wa mkoa wetu, aliyekuwa na ofisi yake hapa hapa Kisumu. Kila mpagazi alivishwa kibati chenye namba. Mishahara ya maelfu ya waliokufa haikuwafikia jamaa zao. "Mwanangu," alimwambia kijana, "una watu wenye majina na ofisi na sahihi zao. Ukileta mzimu, msomaji atatetemeka, kisha ataufunga mswada akalale. Nani atauliza pesa zilikwenda wapi?"

Kimya kikatanda. Hata mimi sikuwa na jibu.

Sista ndiye aliyekivunja. Ni muuguzi mstaafu, mtu wa maneno machache. Alianza na tumbo, kama kawaida yake: wale watu walizoea vyakula vya kwao, wakapewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, ukapikwa haraka haraka baada ya kutwa nzima ya kutembea, haukuiva, matumbo yakachubuka. Alisema kijana ameandika sura ya kuhara kama mtu aliyelala wodini, na hilo alimpongeza. Halafu akatuambia kwamba kwenye boma la babu yake kuna kaburi ambalo ndani yake hamna mtu. Kuna tunda la yago. Waluo mtu wao akipotea na maiti isipatikane, huchukua tunda hilo refu la mti wa yago wakalizika kwa heshima zote za maziko, ili aliyepotea apate pa kulala. Kaka wa babu yake alikwenda Kariakoo, hivyo ndivyo watu walivyoiita ile kazi ya upagazi, na kilichorudi ni habari tu. "Mwalimu," alisema, "hizo ofisi unazozitaja ziliandika namba. Kwetu tulizika tunda. Sasa niambie ni nani aliyeweka kumbukumbu ya mtu."

Mzee wa Kibos alikuwa hajasema neno. Yeye ni Mnubi, babu yake alikuwa keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika. Alimgeukia kijana taratibu: "Mjukuu wangu, umeandika vizuri. Lakini keya wako wote ni fisi. Babu yangu naye alitembea kuwafuata Wajerumani mpaka Msumbiji, na miguu yake haikupona tena. Huyo mtu wako anapita vijiji vingapi, hakutani na keya mmoja aliyekufa?" Kijana akasema, "Nimekusikia, babu." Nilimwona akimeza mate. Nadhani hapo amepewa sura nzima bure, keya na mpagazi wakitembea pamoja, mmoja akiwa aliwahi kumchapa mwenzake.

Sasa niseme langu, maana pale sikulisema lote. Nampenda huyu mtu anayetembea. Nisingetaka aondolewe. Lakini sura ya kumi na nne, ambapo anafika kwao na kumnyonga chifu usingizini, ndipo ninapokubaliana na mwalimu. Chifu akishakufa, msomaji anahisi deni limelipwa. Halijalipwa. Chifu wa kweli alizeeka kitandani kwake, na vile vibati vilirudi kuwa bati. Kivuli hakitakiwi kuua mtu. Asimame mlangoni aulize mshahara wake, usiku baada ya usiku, na chifu asisikie, na mtoto wa chifu alie. Hilo lingeniogofya zaidi ya kunyonga.

Nimemwandikia kijana ujumbe huo. Tiki bado ni moja, nadhani mtandao umekwenda pamoja na stima.

Kabla ya hapo nilimpigia shangazi Butere. Nilimuuliza kama kuna mtu wetu aliyekwenda Kariakoo. Alikaa kimya kitambo, nikasikia mvua ya upande wake pia, kisha akasema yupo mmoja, na akanitajia jina. Ni jina la kaka yangu mdogo. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniambia alirithi kwa nani. Shangazi alisema alilia siku nne.