Bibi, karafuu na ubishi wa kamera

Msimu wa karafuu uliopita, kijana mmoja wa Wete alituma picha kwenye kundi letu la WhatsApp la wapiga picha wa Unguja na Pemba. Ni usiku, bibi yake ameketi kwenye jamvi na wajukuu wanachambua karafuu, wakizitoa kwenye makonyo, vile vijiti vyake, balbu moja inaning'inia juu yao. Mikono ya bibi imekwenda ukungu, uso wake umetulia tuli. Napiga picha za harusi hapa Mjini mwaka wa 12 sasa, na uso kama ule sijaupata.

Jibu la kwanza: "Kamera gani hiyo? Tupa." Kisha yakaja yale yale ya kila siku: Canon na Nikon, sensa (kile kibapa cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga) ndogo na kubwa, lenzi ya nani ghali, mwisho nani kasoma na nani hakusoma. Bibi hakutajwa hata na mmoja. Asubuhi kijana alikuwa ameshatoka kundini.

Liliniuma, kwa sababu na mimi nilitia mstari wangu kuhusu chembechembe zinazotapakaa kwenye picha ya gizani, nikaenda kulala. Nikampigia simu.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Niwie radhi kwa ya jana. Nitumie tena ile picha, lakini itume kama faili."

Faili lilipofika nikaona tulivyomdhulumu. Picha yake ilikuwa na pikseli 6000 kwa 4000. WhatsApp ikiituma kwa njia ya kawaida huishusha hadi 1600 hivi kwa upande mrefu, ikaibana tena, na zile chembechembe za ISO 3200 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kikipanda na chembechembe huzidi) zikageuka madoadoa. Taarifa za kamera nazo hufutwa. Usiku kucha tumegombana juu ya ubora wa picha ambayo hakuna aliyeiona. Waliosema sensa kubwa hupokea mwanga mwingi zaidi hawakukosea: ya milimita 36 kwa 24 ina eneo zaidi ya mara mbili ya ile ya kijana, na gizani tofauti hiyo huonekana. Lakini elimu ile walimrushia kama jiwe.

Nikaisafisha kwenye karatasi ya sentimita 30 kwa 20, pamoja na nyingine tatu za wanakundi, moja ya simu. Nyuma sikuandika jina wala kamera. Ijumaa baada ya Alasiri nikazipeleka barzani kwetu, kahawa inazunguka, nikaomba kila mmoja azishike kwanza ndipo aseme. Wale wale wenye vidole vikali kwenye simu wakawa wanaambiana, "Hebu nipishe mwanga, shekhe."

Mzee aliyeandika "tupa" aliishika ya bibi kwa muda mrefu. Nilipowasomea kwamba shata, yaani mlango wa mwanga wa kamera, ilikuwa wazi kwa 1/15 ya sekunde, akasema kijana angepanda hadi 1/60, hata kama ISO ingefika 12800, mikono ingetulia. Mwenzake akakataa katakata: mikono ikisimama na kazi imesimama, itakuwa picha ya bibi aliyeshika karafuu, si bibi anayechambua. Wakashikana kwa maneno mpaka karibu na Magharibi, sauti juu, vikombe vikijazwa tena, na hakuna aliyeuliza bei ya lenzi. Miaka yangu yote kundini sijasikia ubishi mtamu kama ule. Mimi nipo na huyo wa pili.

Tangu siku ile niliomba anayetuma picha aandike kasi ya shata, ISO, mwanga ulitoka wapi, na alitaka nini kionekane. Anayekosoa aanzie hapo pa mwisho. Wapo ambao bado huuliza kamera kwanza, na mmoja amehama. Sikumfuata.

Mzee alimpigia kijana mwenyewe. Walichozungumza ni chao, lakini kijana amerudi, na juzi hao wawili walikuwa wakijadili pa kuiweka balbu.

Nakala ya barzani nikaituma Pemba kwa boti. Kijana ananiambia bibi aliipeleka dirishani, akaiinamia, kisha akaweka kidole kwenye lundo la karafuu zilizokwisha chambuliwa.

"Hapa," akasema, "limebaki konyo."