Ndani inamkondesha nini?

 Kilichonikaa kichwani wiki nzima ni swali la bibi mmoja wa kisiwa cha Ukerewe pale dirisha la dawa.

Alikuja na mjukuu wake, binti mwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Nikatoa maelezo ya kila siku: prednisoloni ya miligramu 5, vidonge sita asubuhi baada ya kula, uso utavimba, njaa itaongezeka, msishtuke. Bibi akasikiliza hadi mwisho, akayatazama mashavu ya mtoto, akaniuliza:

"Mwanangu, dawa inayomnenepesha uso hivi, ndani inamkondesha nini?"

"Mifupa, bibi."

"Na hiyo mifupa mmeipa nini?"

Foleni ilikuwa inasukuma na meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, haimsubiri mtu. Nikamwonyesha kopo la kalsiamu na lile la vitamini D. Akauliza tena: "Sasa si tumwachishe tu hiyo ya uso?" Nikasema hapana, bibi, msithubutu. Sababu nilizitoa nusu tu, kwa hiyo tangu siku ile namjibu upya nikiwa kwenye daladala.

Ningemwambia kwamba prednisoloni ni steroidi, na steroidi haiingii kwenye mfupa kwa mlango mmoja. Inadhoofisha seli zinazojenga huku zile zinazobomoa zikiendelea na kazi. Utumbo unapokea kalsiamu kidogo. Figo nazo zinaimwaga kwenye mkojo. Mfupa wenye vitundu, kama wa pingili za mgongo, ndio unaotangulia kuliwa, na huanza mapema, ndani ya miezi mitatu hadi sita ya mwanzo wakati dozi bado kubwa. Pingili inaweza kubonyea na mtoto asilalamike hata kidogo. Ndiyo maana napenda apimwe urefu kila kliniki, ukutani, bila viatu. Ni kipimo cha bure na watu wanakiruka! Urefu ukisimama au ukipungua, au mgongo ukiuma, ipigwe eksirei ya mgongo kwa ubavu. Kwa mtoto, pingili iliyobonyea bila ajali ya maana inatosha kuitwa udhaifu wa mifupa, hata kama mashine ya kupima wingi wa mfupa inasoma vizuri.

Kuna na nyonga. Steroidi, na lupasi yenyewe, zinaweza kukata damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja. Mtoto anasema goti linauma, watu wanapaka dawa kwenye goti, kumbe ugonjwa uko nyonga. Akianza kuchechemea asiambiwe anadeka. Eksirei ya mwanzoni inaweza kutoka safi. MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, ndiyo inayoona mapema.

Lakini kuacha dawa ghafla ni hatari kuliko yote hayo. Mwili uliozoea prednisoloni huwa umepumzisha tezi zilizo juu ya figo, na ukiikata siku moja mtoto anatapika, anaishiwa nguvu, presha inashuka, anaweza kufa. Halafu lupasi isiyotulizwa nayo inakula mifupa, tena na figo juu yake. Kinachookoa mifupa ni daktari kushusha dozi kidogo kidogo huku dawa nyingine za kutuliza lupasi, yaani haidroksiklorokwini na kwa wengine azathioprini, zikibeba mzigo. Kidonge cha haidroksiklorokwini kikirukwa kwa sababu "hakina kazi inayoonekana", prednisoloni haishuki.

Sasa makopo yale mawili. Mtoto wa miaka 9 hadi 18 anahitaji kalsiamu miligramu 1,300 kwa siku, chakula na vidonge kwa pamoja. Kopo limeandikwa 1,250, mzazi anaona siku imekamilika. Bado! Hiyo ni kalsiamu kaboneti. Kalsiamu yenyewe ndani yake ni miligramu 500. Kidonge kinywewe na chakula, maana kinataka tindikali ya tumbo. Hapo ndipo omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali hiyo, inayoandikwa karibu kila penye prednisoloni, inapokwamisha mambo. Kama hakuna sababu ya kuitumia, muulizeni daktari. Vidonge vya kuongeza damu vikae mbali nacho, angalau saa mbili. Na kama lupasi imeshagusa figo, kalsiamu isiongezwe nyumbani bila vipimo.

Vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua, ndiyo iliyomchekesha bibi. "Jua lote hili la kisiwani!" Ndiyo, lakini jua hilohilo linaamsha lupasi, mtoto anatembea na mikono mirefu na mwavuli, ngozi hailioni. Kwa hiyo inatoka kwenye kopo, angalau yuniti 600 kila siku.

Mpaka hapo nilikuwa na uchungu kidogo. Juzi nikikoroga chai nikakumbuka kipande cha mwisho cha mazungumzo, nikacheka peke yangu. Nilimuuliza mtoto anakula mboga gani. Bibi akajinyoosha: "Huyu mgonjwa, namchambulia sato, mnofu mtupu." Na dagaa? "Mgonjwa apewe dagaa? Watu watasema tumemnyima!"

Yaani bibi anayeanika dagaa anamnyima mjukuu dagaa kwa heshima. Mnofu wa sato una protini nzuri, ila kalsiamu inabaki kwenye miba iliyotupwa. Dagaa analiwa na mifupa yake. Kichwa nacho kisitolewe, hata kama kichungu. Walioanikwa kwenye kichanja wana mchanga kidogo. Walioanikwa chini waloweke kwenye maji ya vuguvugu, mchanga utuame, uwakaushe kikaangoni bila mafuta, uwasage wazima, kijiko kimoja au viwili kwenye mchuzi wa karanga. Chumvi kidogo, kwa sababu ya presha, na kwa sababu chumvi nyingi inatoa kalsiamu kwenye mkojo. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kinaongeza kama miligramu 300.

Na atembee, aruke kamba, acheze na wenzake kivulini. Kuogelea ni kuzuri ila hakuupi mfupa uzito wa kubeba. Lakini kama pingili imebonyea, kamba iwekwe kando, na ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya shingo, asiibebe kabisa. Jambo jema ni kwamba mtoto ambaye bado anakua, dozi ikishuka, pingili yake inaweza kujijenga tena. Mtu mzima hana bahati hiyo.

Bibi anarudi kliniki ijayo. Nimeshamwandikia karatasi kwa herufi kubwa.