Tepu nyeusi haitoshi: nilivyotibu maungio yanayovuja umeme

"Ongeza tepu, zungusha mpaka inenepe." Hivyo ndivyo karibu kila fundi alivyonishauri kuhusu maungio ya kebo ya pampu yaliyokuwa yakiangusha breka kila mvua ikinyesha. Aliyeyaunga kabla yangu alishaufuata ushauri huo: bonge la tepu lilikuwa kubwa kama yai. Nililipasua kwa kisu. Tabaka za juu zilikuwa kavu, za ndani zinateleza kwa gundi iliyolainika, na shaba imeota ukoko wa kijani.

Plastiki yenyewe haina kosa. Tepu ya PVC ya milimita 0.18 kwa kawaida huhimili volti 600 na joto la nyuzi 80. Kinachoshindwa ni gundi. Ikipata joto hulegea, tepu iliyovutwa hujikunja kurudi ilikotoka, na kati ya tabaka panabaki upenyo wa maji. Mizunguko zaidi hurefusha upenyo huo, haiuzibi.

Nilikata shaba iliyoharibika, nikaunga upya. Kisha nikatumia tepu ya mpira isiyo na gundi, ile inayokuja na utando wa kubandua. Ni ghali kuliko nyeusi, lakini inafaa. Ganda la kebo lisuguliwe kwa msasa, lifutwe kwa spiriti na likauke kabisa. Vuta tepu mpaka urefu ukaribie mara mbili, kila mzunguko ulalie nusu ya uliotangulia. Funga kila waya peke yake, halafu zote pamoja, ukianzia na kuishia sentimita 5 juu ya ganda lisiloharibika, kila upande. Usipoivuta haishikani. Waliobisha niliwazungushia kipande kwenye penseli, nikakiacha, kisha nikakikata kwa wembe: ndani hakuna tabaka, ni mpira mmoja mtupu. Wakanyamaza.

Juu yake ndipo tepu nyeusi ina kazi, kuzuia mikwaruzo na jua. Mzunguko wa mwisho usiuvute, na ikate kwa kisu. Ukiikata kwa kuivuta, ncha itabanduka. Tepu ya karatasi hunyonya maji, na ile ya alumini inapitisha umeme, usiiguse kabisa. Karibu na hita tumia ya kitambaa cha kioo.

Multimita ya kawaida hupima kwa volti chache, itakudanganya. Nilichomoa kebo pande zote mbili, nikalaza maungio ndani ya ndoo ya maji usiku kucha, nikapima kwa mega, kifaa cha kupima uhami, ya volti 500 kati ya kila waya na maji. Ukisoma chini ya megaomu 1 (omu milioni moja), fungua uanze upya. Yangu yalipita 200. Na tepu ya mpira iliyokaa rafuni miaka, ijaribu kwanza kwenye penseli uone kama bado inashikana.