Nanga Nne za Tezi

Jioni ile jumuiya yetu ya Tanga ilikuwa imefika Matendo ya Mitume sura ya 27, safari ya Paulo kwenda Roma, na zamu ya kuongoza somo ilikuwa yangu. Tulipofika mstari wa 31, dada mmoja alinyoosha mkono. Mjomba wake alikuwa ameanza dawa za kifua kikuu, kisha mhubiri mmoja akamwambia kwamba Mungu amekwisha kuzihesabu siku zake, na vidonge haviwezi kuongeza hata moja. Mzee wa watu akaziacha dawa.

"Sasa hapa Paulo anasemaje?" akauliza. "Kama Mungu ameahidi, ana haja gani na mabaharia?"

Swali lilikuwa zito, na lilitoka ndani ya sura yenyewe. Malaika alimwambia Paulo kwamba Mungu amempa wote anaosafiri nao, watu 276 kwa hesabu ya Luka. Paulo akawatangazia kwamba hapana hata mmoja atakayepotea, ila merikebu tu. Baadaye mabaharia wanataka kutoroka, naye anamwambia akida, mkuu wa askari: "Hawa wasipokaa ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka." Askari wakazikata kamba za mashua waliyotaka kutorokea.

Kabla sijajibu, mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa jahazi akasema, "Mwalimu, hebu soma tena habari za nanga."

Nikasoma. Walitupa bildi, kamba ya kupimia kina cha maji, wakapata pima 20, mbele kidogo pima 15. Wakaogopa miamba, wakashusha nanga nne za tezi, yaani upande wa nyuma wa chombo. Mzee akatueleza kwamba chombo kwa kawaida hutiwa nanga za omo, upande wa mbele, nacho hugeuka kuukabili upepo. Hawa walikuwa na upepo nyuma yao. Nanga za tezi zilikizuia chombo kisigeuke, omo ikabaki inatazama nchi kavu, tayari kukimbizwa ufuoni kukipambazuka. Basi walipoishusha mashua wakidai wanakwenda kutia nanga za omo, askari wasingeshuku, maana nanga ya kupeleka mbali huhitaji mashua kweli.

"Askari anaweza kukata kamba," alisema. "Lakini asubuhi nani angelegeza kamba za sukani na kutweka tanga? Wale mabaharia ndio waliokuwa wanajua kazi."

Hapo ndipo nilipoingia. Ahadi ya Mungu haikuwa imeamua mwisho tu na kuiacha njia wazi. Mabaharia, mashua iliyokatwa kamba, chakula walichokula ili wapate nguvu, mbao walizoshikilia hadi ufuoni Malta, vyote vilikuwamo. Ungamo la Westminster la 1646, ungamo la imani la Wapresbiteri, ingawa si letu Walutheri, linalisema vizuri katika sura ya 3: Mungu ameamuru yote yatakayotokea, lakini amri hiyo hailazimishi utashi wa viumbe wala haiondoi sababu za pili, yaani watu na vitu anavyovitumia, bali huzithibitisha.

Ndugu mmoja alipinga. Yeye aliona ahadi ilikuwa na sharti tangu mwanzo, na wapo Wakristo wengi wanaosoma hivyo. Mimi siwezi kukubali. Katika mstari wa 25 Paulo anasema anamwamini Mungu kwamba yatakuwa vilevile kama alivyoambiwa, na hakutia "kama" yoyote. Wala ahadi haikumfunga mdomo asiwaonyeshe kosa lao: katika mstari wa 21, kabla tu ya kuwatia moyo, anawaambia wangemsikiliza wasing'oe nanga Krete. Hasara ile ni yao. Petro naye, katika Matendo sura ya 2 mstari wa 23, anasema Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa, na papo hapo anawaambia wasikilizaji kwamba wao ndio waliomwua.

Kwa hiyo yule mhubiri alikuwa sahihi kwamba siku zimehesabiwa. Alipokosea ni kudhani Mungu amehesabu siku bila kuhesabu vidonge. Matibabu ya kawaida ni miezi 6, miwili ya mwanzo kwa dawa nne na minne kwa dawa mbili. Mgonjwa hupata nafuu mapema, na hapo ndipo wengi huacha. Vijidudu vilivyobaki huzaliana tena, na vingine huwa sugu.

Dada yule akauliza kama mjomba wake angepokelewa baada ya kuacha. Muuguzi mmoja wa jumuiya akamwambia atapokelewa, watampima makohozi upya kwanza, aende naye na kadi yake. Nahodha akasema atawasindikiza, maana yeye na mjomba waliwahi kuvua pamoja. Wakakubaliana saa mbili asubuhi.