Kamba fupi ya mjomba

Mjomba hakuwa mjomba wangu wa damu, ni mzee mmoja wa Tanga tulikutana kempu, makazi ya wafanyakazi, kule Doha mwisho wa 2019, yeye dereva wa manlifti, mashine ya kunyanyua watu kufanya kazi juu, mimi helpa wa umeme nimetoka Changamwe na ujuzi wangu wa kupiga waya nyumba za watu, na vile Waswahili tulikuwa wachache ukisikia tu mtu kasema shikamoo unaenda kukaa karibu naye. Basi mimi nikawa namwita mjomba, yeye ananiita mpwa, na ikabaki hivo.

Hii ninayosimulia ilitokea Oktoba 2021, mradi mmoja upande wa Lusail, mji mpya jirani na Doha. Mwaka huo sheria ya jua ilikuwa imekazwa, kuanzia Juni mosi hadi Septemba 15 hakuna kufanya kazi ya nje kutoka saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, na ni sheria nzuri kabisa kwa sababu jua la kule linaua, lakini ilipofika Oktoba mafomeni wote wakawa wanataka zile saa zirudi. Kombe la Dunia limebaki mwaka mmoja na mwezi. Kila mtu ni yalla yalla, haraka haraka, toka asubuhi.

Kazi yetu ilikuwa kufunga trei za nyaya, zile sinia ndefu za chuma za kulazia nyaya, chini ya paa la njia ya watembea kwa miguu, juu mita kama 12, na tulikuwa tunatumia manlifti ya mkono mrefu, ile ambayo basketi la kusimama watu liko mbele kabisa ya mkono na mashine yenyewe iko mbali huko chini. Siyo sizalifti ile inayopanda wima kama kiti. Hii ya mkono ina tabia yake na mimi wakati huo sikuijua, nilijua tu ukivaa hanesi, ile mikanda ya mwili mzima, na ukiwa na lanyadi mgongoni, ile kamba ya kujifungia, basi uko salama, kwisha maneno. Hata nilijiona niko mbali sana, maana nyumbani nilizoea mkanda wa kiunoni wa kupandia nguzo.

Lanyadi niliyopewa stoo ilikuwa ile ya mikia miwili, kulabu kubwa mbili na ile pakiti ya shoki katikati, ile pakiti iliyokunjwa ndani yake utepe ambao unachanika taratibu ukianguka ili mwili usikatike kwa mshtuko. Ni kitu cha watu wa skafoldi, yale majukwaa ya vyuma ya kujengea, wanahamisha kulabu moja baada ya nyingine wakitembea juu ya vyuma. Kila mtu saiti alikuwa nayo na mimi niliipenda, nzito, mpya, inang'aa.

Asubuhi hiyo mjomba alinizunguka akaniangalia mgongoni akasema, "Mpwa, hii vua."

Nikamuuliza kwa nini, si ndo tuliyopewa. Akatoa kwenye begi lake kamba moja ya utepe, haina pakiti, ina kishikio cha kurefusha na kufupisha, ndogo hata ukiitazama unaona kama ya kufungia mzigo kwenye pikipiki. Akanivalisha yeye mwenyewe, tukapanda basketini likiwa bado chini kabisa, akafunga ile kulabu kwenye pete iliyoko ndani ya basketi, ile iliyopakwa rangi na iliyowekwa na waliotengeneza mashine kwa kazi hiyo tu, alafu akaanza kuivuta fupi, fupi, fupi, mpaka nikashindwa kuinama nje ya reli, ule uzio wa vyuma unaozunguka basketi. Akaniambia jaribu kupitisha kiuno juu ya reli. Nikajaribu, haifiki. "Sawa," akasema, "hapo ndo pake."

Mimi nilikasirika kweli. Nilimwambia mjomba sasa nitafanyaje kazi, sifiki mwisho wa trei, nitakuwa nakusumbua kila dakika usogeze basketi. Akasema nisumbue, ndo kazi yangu. Nikamwambia basi niache ile ya mikia miwili niifunge juu kwenye chuma cha paa, si ndo salama zaidi, niwe nimeshikwa kutoka juu. Akaniangalia kidogo kabla ya kunijibu, hakucheka, hakunidharau. Akasema, "Mpwa, na basketi likishuka na wewe umefungwa juu? Mimi nashusha, wewe unabaki unaning'inia? Au mashine ikisukumwa kidogo tu, unavutwa katikati kama nguo. Ukiwa kwenye basketi funga kwenye basketi." Nikauliza je reli basi, reli siyo basketi? Akasema reli ni ya kukuzuia wewe, haikutengenezwa kufungwa mtu.

Alafu akaongeza neno ambalo wakati ule sikulishika vizuri. Alisema hii kamba yangu haidaki mtu anayeanguka, hii inakuzuia usifike pa kuangukia.

Tukapanda. Basketi lile lilikuwa limeandikwa kilo 230, sisi wawili na drili na boksi la boliti na vipande vya trei, mjomba alikuwa anahesabu kila kitu kabla hajanyanyua, na alikuwa na mazoea mengine, kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine anatembea kwa miguu njia yote ambayo magurudumu yatapita, ana kipande cha nondo anachoma choma mchanga. Asubuhi hiyo pia alitembea, nilimuona, ardhi ilikuwa ngumu sehemu zote.

Lakini saa sita tukaenda kula. Na wakati tunakula wale wa mabomba ya kumwagilia maji bustani walipita pale, wakachimba mtaro, wakalaza bomba, wakafukia mchanga juu bila kushindilia, bila utepe, bila koni hata moja. Mchanga wa kule ukishamwagwa juu na upepo ukapita nusu saa huwezi kujua palichimbwa. Tuliporudi fomeni alikuwa amesimama pale pale kwenye mashine, anaangalia saa, trei nne zimebaki na kesho kuna ukaguzi. Mjomba akataka kutembea njia tena, nilimuona anachukua nondo yake, fomeni akasema asubuhi si ulishatembea, yalla, panda. Mjomba akaiweka nondo chini. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo kila tukiongea kwenye simu, siyo mbavu zake, ni ile nondo.

Ilikuwa kama saa tisa. Tuko juu, mjomba anasogeza mashine pole pole mbele mita mbili tatu ili nifike kiungo kinachofuata, maana mashine zile ukiwa umenyanyua zinatembea mwendo wa kobe tu, na mimi nimesimama drili mkononi naangalia juu. Gurudumu la mbele kushoto likaingia kwenye ule mtaro.

Chini pale lilizama labda sentimita 20. Mtu aliyekuwa pale chini, kijana wa Kinepali aliyekuwa anatuangalizia njia, aliniambia baadaye kwamba yeye aliona mashine imeinama kidogo tu, kama gari iliyopita kwenye shimo la barabarani. Juu haikuwa hivo. Juu dunia yote ilienda kushoto na chini kwa pamoja, alafu ule mkono mrefu ukajikunja kama fimbo ya kuvulia samaki ikavutwa na samaki mkubwa, na ukarudi juu. Na uliporudi mimi sikurudi nao. Miguu yangu ilitoka kwenye sakafu ya basketi. Nakumbuka vizuri kabisa niliona reli iko chini ya magoti yangu, niliiona kwa macho yangu reli ya juu ikiwa chini, na mbele yangu hakuna kitu, mchanga tu na kofia ya njano ya yule Mnepali ndogo kama kifuniko cha soda.

Alafu kitu kikanishika mgongoni kikanirudisha. Hakikuwa cha upole, mikanda ya hanesi ilinikamata mapajani mpaka nikapiga kelele, nikaangukia sakafu ya basketi kwa ubavu, kichwa kikagonga boksi la boliti, kofia ikaokoa kichwa. Nikabaki nimelala pale nimeshika ile kamba kwa mikono miwili kama mtoto kashika kanga ya mama yake.

Drili ilienda. Sikuwa nimeifunga na kamba yake, kosa langu hilo.

Mjomba alikuwa amesukumwa kifua kwenye paneli ya kuendeshea, hapumui sawa, lakini mguu alishautoa kwenye pedeli na mkono wake uko juu ya kile kitufe chekundu, amekibonyeza. Kengele ya kuinama inalia mfululizo pi pi pi pi. Akaniambia kwa sauti ndogo sana, "Usisimame. Usisogee upande wa kushoto." Tukakaa hivo. Mashine imesimama kama mtu wa mguu mmoja, na uzito wowote ukihamia upande ulioinama huwezi kujua itafanya nini.

Yule Mnepali alifundishwa vizuri na Mungu ambariki, hakukimbia kutafuta fomeni, alienda kwenye swichi za chini za dharura na akasubiri mjomba amwambie. Kwanza kuvuta mkono uingie ndani, wote, usishushe kitu kabla mkono haujaingia, kwa sababu mkono ukiwa umenyooka mbali ndo uzito unavuta mashine ianguke. Ukishaingia ndo unashusha. Ilichukua kama robo saa na mimi nilikuwa nasoma Ayatul Kursi narudia narudia.

Tulipofika chini fomeni aliuliza drili iko wapi. Nasema ukweli, hilo ndo swali lake la kwanza. Drili ilikuwa imezama mchangani, imebaki kishikio tu nje, ndani ya eneo letu lililozungushwa utepe ambapo kwa bahati hakukuwa na mtu.

Ofisa wa sefti, yaani wa usalama kazini, alikuja baada ya gari la wagonjwa kumchukua mjomba, Mghana mmoja mpole, akachukua ile nondo ya mjomba akatuchorea mchangani sisi wote tuliokuwa pale. Akachora magurudumu mawili, katikati yao mita mbili na kitu. Akasema gurudumu moja likizama sentimita 20 hapa, basketi lililoko mita 12 juu linaenda pembeni zaidi ya mita moja, na linaenda ghafla, alafu chuma kinarudi kama springi. Mtu hafungwi humo eti kwa sababu anaweza kuteleza, anafungwa kwa sababu basketi linaweza kumrusha.

Nikamuuliza je ningekuwa na ile yangu ya mikia miwili. Akachora tena. Lanyadi karibu mita 2, pakiti ikifunguka mita nyingine na zaidi, urefu wa mtu kutoka mgongoni hadi unyayoni, na nafasi kidogo ya kubaki chini, unahitaji mita kama 6 za hewa tupu. Akasema juu pale hewa ilikuwepo, lakini chini ya basketi siyo hewa, ni ule mkono wa chuma, wewe ungerushwa nje na kurudi kuupiga kwa mwili wako. Na mashine imeshainama, ukaning'inia upande ule ule, ungeivuta. Wewe na yeye. Na mngekuwa mita nne tu juu, akasema, ardhi ingekupokea kabla pakiti haijamaliza kufunguka. Yaani ile lanyadi siyo mbaya, ni nzuri sana kwa mtu wa skafoldi, lakini kwenye basketi inakuruhusu utoke nje kwanza.

Nilikaa chini pale pale mchangani. Nilikuwa nafikiria asubuhi jinsi nilivyobishana, nilivyomwambia sifiki.

Ile kamba fupi ilichukuliwa, yule Mghana akaikata kwa mkasi vipande viwili mbele yetu na hanesi yangu pia, akasema kitu kikishabeba mshtuko hakirudi kazini hata kama macho hayaoni kasoro. Nilitaka kumuomba kipande kimoja nikaogopa. Mapaja yangu yalibaki na alama mbili nyeusi karibu mwezi mzima.

Mjomba mbavu mbili zilikuwa na ufa. Akalazwa, akapumzishwa kempu, tukawa tunampelekea chai na chapati usiku na yeye anauliza tu kama wamezungusha utepe pale kwenye mtaro. Stoo ilileta zile kamba fupi wiki iliyofuata, maboksi mawili, zilikuwepo kumbe muda wote, hakuna aliyeziomba.

Alirudi kazini baada ya wiki tano. Asubuhi ya kwanza hatukuongea mengi, alichukua nondo mimi nikachukua ya kwangu, tukatembea njia yote mguu kwa mguu tukichoma mchanga, na pale kwenye mtaro tukachoma mara nyingi zaidi ingawa ulishashindiliwa na kuwekwa mabati. Fomeni alisimama pembeni, safari hii hakusema kitu. Tulipoingia basketini nikajifunga mwenyewe kwenye pete, nikaivuta kamba, nikamgeuzia mgongo. Mjomba akaishika akaijaribu, nikasukuma kiuno kwenye reli, ikagoma, na yeye akaifupisha vidole viwili tena, akakanyaga pedeli.