Nilivyozunguka mabonde ya Célé na Lot kwa baiskeli bila kukimbizwa na malori

Mimi ni mtoto wa Tanga, na Tanga baiskeli siyo mchezo wa wikiendi, ni usafiri. Baba alikuwa na Phoenix nyeusi aliyoendea kazini miaka yote, na sisi watoto tulijifunzia hiyo hiyo, mguu umepitishwa katikati ya fremu kwa sababu siti hatuifikii. Kwa hiyo nilivyohamia Toulouse kikazi nikanunua baiskeli ya mbio ya mtumba, yuro mia nne na kitu, kuendesha hakukunisumbua hata kidogo. Kilichonisumbua ni njia. Nilitaka Ufaransa ya vijijini, ile ya ng'ombe na kanisa na mti mmoja mkubwa, na magari machache. Kila niliyemuuliza akanijibu vilevile, weka simu kwenye hendeli, andika unakokwenda, ifuate. Mwingine akaongeza, ramani za karatasi za nini zama hizi? Nasema wazi kwamba ushauri huo ulinitesa siku nzima ya mwezi wa saba na sitausahau.

Siku ile nilipanda treni ya mkoa asubuhi mpaka Figeac, mji ulio kando ya mto Célé, masaa mawili na kitu, nikaanza kushuka kuelekea Cajarc, kando ya mto Lot. Nilikuwa na chupa mbili, tyubu moja ya akiba, pampu ndogo. Tena ilikuwa Jumatatu, siku ambayo maduka mengi ya vijijini yanafungwa, na hakuna aliyenionya. Cajarc nikafika vizuri tu, nikaiambia simu sasa nipeleke Marcilhac, bonde la pili, la mto Célé, na ikaniambia kuna njia fupi ya kukata juu. Kati ya mto Lot na mto Célé kuna uwanda wa juu wa mawe ya chokaa, wenyewe wanauita causse. Nikapanda, jua limewaka, pembeni kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, mialoni mifupi mifupi, na kondoo weupe wenye duara nyeusi machoni kama wamevaa miwani. Pazuri sana. Ghafla lami ikaisha. Simu inasema endelea mbele, mbele yenyewe ni njia ya trekta, mawe meupe yamechongoka, na tairi zangu ni za milimita 25. Nikajisemea ni kipande kifupi tu, kitaisha sasa hivi. Hakikuisha.

Pancha ya kwanza nikabadilisha tyubu. Ya pili ilikuja hata dakika kumi hazijapita, na hii ilikuwa mbaya zaidi, jiwe limechana ubavu wa tairi, tundu la kupitisha ncha ya kidole. Ukibandika kiraka kwenye tyubu ukajaza upepo, tyubu inatokeza kwenye tundu kama puto halafu inapasuka. Nikakaa chini ya mwaloni nikamkumbuka fundi wetu wa mtaani, yeye tairi ikichanika alikuwa anaweka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, anakiita kizuizi. Mimi tairi kuukuu sina. Nikafungua pochi, kuna noti ya yuro tano. Noti za yuro zimetengenezwa kwa pamba, ni ngumu, hazichaniki ovyo. Nikaikunja mara nne, nikailaza ndani ya tairi palepale kwenye tundu, nikabandika kiraka, nikarudisha tyubu taratibu nikiishika noti kwa kidole gumba isihame, nikajaza upepo kidogo kidogo huku natazama ule ubavu. Ukatulia! Noti ile ilinifikisha Figeac, zaidi ya kilomita thelathini, na mpaka leo nimeihifadhi, ina alama ya mkunjo na vumbi jeupe.

Ila hapo maji yalikuwa yameisha. Kule juu hakuna kijito hata kimoja, mvua ikinyesha jiwe la chokaa linaimeza, maji yanapita chini kwa chini yanatokea mabondeni. Nikafika kijiji cha nyumba labda kumi na mbili, madirisha yote ya mbao yamefungwa kuzuia joto, mgahawa hakuna, duka hakuna. Nikamwona bibi mmoja na ndoo ya kumwagilia maua, anaingia makaburini. Nikamfuata. Nilianza na Bonjour madame, na hili nawaomba mlishike, Ufaransa usimwulize mtu kitu kabla hujasalimia, ni sawa na kwetu kumpita mzee bila shikamoo. Bibi akaniangalia, akaiangalia baiskeli, akasema, "Mwanangu, bomba lipo pale ukutani. Mimi mwenyewe nanywa hayo." Nilikunywa chupa nzima nimesimama, nikajaza zote mbili, nikalowanisha na kofia. Tokea siku ile kila nikiwa vijijini natafuta kwanza makaburi, karibu kila kijiji yana bomba kwa ajili ya maua. Soma tu kibao, kikiandikwa eau non potable, yaani maji yasiyofaa kunywa, usinywe.

Nimerudi nyumbani usiku, nimekasirika haswa. Kesho yake nikaenda duka la vitabu nikanunua ramani ya karatasi ya Michelin ya mkoa ule, yuro saba au nane hivi, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Kwenye ramani hizo barabara nyekundu ndizo kubwa, za njano za kati, nyeupe ndogo kabisa lakini zenye lami, na njia za mawe zimechorwa tofauti na hizo. Yaani kile kitu simu ilichoshindwa kunitofautishia kiko wazi kwa rangi! Halafu kuna vimishale juu ya barabara, kimoja ni mlima wa asilimia 5 mpaka 9, viwili 9 mpaka 13, vitatu zaidi ya hapo, na vinaelekea upande unaopanda. Barabara ikipakwa ukingo wa kijani ina mandhari nzuri. Nikajifunza na namba. Za mikoa zinaanza na D, na kule mkoa wa Lot ukiona D820, D840, D911, hizo zamani zilikuwa barabara kuu za taifa, zikakabidhiwa mikoa, zikabadilishwa namba, malori hayakubadilishwa. Zikwepe. Anayekwambia nenda huko kwa sababu lami ni nzuri hajawahi kupitwa na lori la magogo akiwa kwenye upepo wa pembeni. Sheria inamtaka dereva akimpita mwenye baiskeli aache mita moja na nusu nje ya mji, na wengi vijijini wanaiacha kweli, lakini barabara kuu ni bahati yako.

Mwezi wa tisa nikarudi. Nililala Figeac Jumamosi, asubuhi ya Jumapili saa moja niko barabarani na mkate wa moto mgongoni, maana waoka mikate Jumapili asubuhi wanafungua, mchana usitegemee. Nilipita kwanza uwanja wa Place des Écritures, Figeac ndiko alikozaliwa Champollion aliyesoma maandishi ya Misri ya kale, kwa hiyo kuna nakala kubwa mno ya lile jiwe la Rosetta lililomsaidia kuyasoma, imelazwa chini, unatembea juu yake. Halafu D41 kushuka na mto Célé. Jamani. Ukungu umelala juu ya mto, genge la mawe linapanda upande mmoja, nyumba zimejengwa zimeegemea mwamba kabisa, nusu ukuta ni wa mtu nusu ni wa jabali. Espagnac, Brengues, Marcilhac na abasia yake iliyobomoka nusu, kilomita kama arobaini mpaka Cabrerets nilihesabu magari tisa. Tisa! Na baiskeli zaidi ya ishirini, kila mmoja anainua mkono.

Cabrerets nikapanda Pech Merle, pango ambalo vijana waliingia mwaka 1922 wakakuta farasi wenye madoadoa wamechorwa ukutani, wana kama miaka 29,000. Wanapunguza idadi ya watu kwa siku ili michoro isiharibike, mimi nilikata tiketi kabla. Pembeni ya farasi kuna alama za viganja vya mikono, rangi imepulizwa kuzunguka vidole. Chukua koti jepesi, ndani ni baridi na wewe umelowa jasho.

Kutoka hapo Bouziès, daraja jembamba, halafu D40 inapanda mpaka Saint-Cirq-Lapopie, kijiji kilichoning'inia juu ya Lot mita kama mia. Mlima huo nilipanda gia ndogo kabisa bila kushuka chini na najivunia. Kijijini watu walikuwa wengi, nikapiga picha nikaondoka, kwa sababu nilikuwa na mpango wangu. D662 ya kurudi Cajarc ina magari zaidi ya D41, ila kuanzia saa sita mpaka saa nane mchana Wafaransa wamekaa mezani wanakula. Nikaiingia saa sita na dakika tano. Mpaka Larnagol nilikuwa nasikia cheni yangu tu na maji ya mto.

Cajarc nikajaza chupa, bomba la makaburini kama kawaida, nikamalizia mlima wa mwisho kurudi Figeac kwenye saa tisa na nusu. Jumla kilomita kama mia, bila pancha hata moja, na baiskeli kwenye treni sikulipia.

Mwezi wa kumi nataka Lot ya chini, Cahors mpaka Puy-l'Évêque kwenye mashamba ya mizabibu. Mto unajikunja sana pale, anayejua upande gani una magari machache aniambie mapema, ramani ninayo tayari, nitachora kwa penseli.