Ninavyoupima mgahawa wa mtaani kabla ya kuuzoea

Mgahawa mgeni mtaani kwetu, Dar es Salaam, naanza kuupima kwa sahani ya bei ya chini kuliko zote: wali maharage. Pilau ya Ijumaa kila mtu huipikia bidii, na kuku wa kukaanga huokolewa na pilipili na ndimu. Maharage hayana pa kujificha.

Yaliyolowekwa usiku na kuchemshwa taratibu huwa laini mpaka ndani, ganda bado limeshika, na mchuzi wake mzito kwa sababu machache yamepondeka yenyewe. Yakiwa na kiini kigumu, mpishi alichelewa kuanza au alibania mkaa. Yakiwa rojorojo, maganda yanaelea na ulimi unaonja kitu kama sabuni, hapo magadi yamezidi. Magadi kidogo si kosa, yanaokoa muda na mkaa, ila kijiko kikizidi hakuna nazi wala kitunguu kitakachofunika ladha hiyo. Maharage ya nazi nayatazama ukingoni mwa sufuria. Vijipovu vikipanda na chini hakuna moto, yameanza kuchacha. Kwa joto la Dar, maharage ya tui ya saa tano asubuhi na yale ya saa moja jioni ni vyakula viwili tofauti, hata kama sufuria ni ile ile.

Wali wenyewe naupima kwa kijiko. Wali wa leo una joto moja juu hadi chini. Ukichanganywa na kiporo, kijiko kimoja kinaunguza, kinachofuata ni cha vuguvugu, na baadhi ya punje zina ncha kavu. Kiporo kilichowekwa kwenye friji mapema na kupashwa vizuri sina ugomvi nacho. Ninachokikimbia ni wali uliolala kwenye sufuria jikoni. Mbegu za bakteria aina ya Bacillus cereus hazifi wali unapochemka. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka, zinazaana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Ndiyo maana mtu anaweza kula wali unaofuka moshi na bado akatapika ndani ya saa chache. Wali unaosubiri wateja unatakiwa ubaki kwenye nyuzi 60 au zaidi. Mimi sina kipimajoto. Naangalia kama umepaliwa moto au uko kwenye hotipoti, na kama mvuke unatoka mpishi anapofunua.

Kwa hiyo saa ya kwenda ina uzito kuliko sifa za watu. Mara ya kwanza naenda kati ya saa sita na nusu na saa saba na nusu mchana, chakula kinapotoka kwa kasi. Mara ya pili naenda saa tisa, wateja wamepungua, nione kilichobaki kinafanywa nini: kimefunikwa, kimerudishwa motoni, au kimeachwa wazi nzi wakipokezana.

Penye chipsi, naangalia karai kabla ya kuagiza zege, yaani chipsi mayai. Mafuta yaliyochoka hutoa moshi kabla viazi havijaingia, na povu lake halitulii. Chipsi zinatoka kahawia nje na mbichi ndani, na midomo inabaki na utando unaonata. Viazi vilivyokaangwa nusu asubuhi na kurundikwa kwenye kabati la kioo ni utaratibu wa kawaida, visikutishe. Chipsi zikinuka samaki, karai ni moja kwa vyote. Chupa ya tomato ikipumua unapoifungua, iache, imechacha.

Samaki wa kukaanga ana mtego wake. Jodari au kibua aliyekaa juani kabla ya kupikwa hujenga histamini, na moto hauiondoi. Dalili ni kuwashwa ulimi kama umeuma pilipili wakati hakuna pilipili iliyotiwa. Hapo naacha kula papo hapo, hata kama kipande ni kizuri na nimeshalipa.

Maji nayatazama kwa macho mawili. Ndoo ya kunawia iwe na koki na sabuni inayotoa povu, maana ile ya chupa mara nyingi imeongezwa maji mpaka imebaki rangi tu. Kwenye kuosha vyombo nahesabu beseni: la sabuni na la kusuuza, angalau. Beseni moja lenye maji ya kijivu, sahani kumi zimepita na bado hayajamwagwa, linatosha kunifanya niage. Mji uliopitia kipindupindu cha mwaka 2015 hauhitaji kuelezwa zaidi. Kachumbari naila tu pale ninapoona inakatwa, kwa kisu na ubao usioguswa na nyama. Juisi yenye barafu naipita.

Nyota za kwenye ramani za simu hazinisaidii sana kwa migahawa hii. Maoni sita yenye nyota tano huenda ni ya shemeji na majirani. Natazama picha za sahani zilizopigwa karibuni, basi.

Bei naiuliza kabla ya kukaa: "Dada, wali nyama shilingi ngapi, na mboga za majani zimo?" Penye utaratibu jibu linatoka pale pale, na ni lile lile aliloambiwa bodaboda aliyetangulia. Baada ya hapo nauliza maharage. Nikiambiwa saa nane mchana, "Yameisha kaka, njoo kesho mapema," kesho naenda.